Jiwe la Gramu 705

Konda wa kosta alilitazama bomba langu, akalipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akatoa hukumu: ni abiria. "Hili linakaa siti, braza. Lilipie." Nikamweleza kuwa ni darubini, ya kutazamia nyota. Akafikiri kidogo. "Basi ndiyo ulipe kabisa, maana linaona mbali kuliko dereva." Kosta nzima ikacheka, nikalipa.

Kutoka Mbeya hadi Mlowo ni kilomita zipatazo 60 za barabara ya TANZAM. Nilizisafiri nimekumbatia bomba hilo kama mtoto mwenye homa: Mbalizi, Songwe, kisha Senjele, ambako abiria wote hunyamaza bila kuambiwa, kila mmoja akisikiliza breki. Kioo cha darubini kina kipenyo cha milimita 130. Kikipigwa kumbo kidogo, nyota zote zinageuka mikia. Wenzangu wawili walikuwa siti ya nyuma na miguu mitatu ya kuisimamishia, begi la majaketi, na chupa ya chai. Hatuna jina wala katiba, wala mweka hazina. Tulifahamiana Rujewa, wilayani Mbarali, Septemba 1, 2016, siku ile mwezi ulipojiweka katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembeni. Wengi mnakumbuka. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ametueleza Watanzania mapema nini kitatokea na wapi pa kusimama, na Rujewa ikajaa watu ambao hawakuwa na msiba wala harusi pale. Nilimwazima jirani miwani yangu ya jua, ile maalumu, nikamwazima na mwingine, tukawa tunaipokezana kama kikombe cha togwa. Kufikia jioni tulikuwa tumeshapanga kununua darubini. Iliichukua mifuko yetu miaka kadhaa.

Siku ya safari hii ilikuwa Jumamosi, Juni 25, 2022. Tuliichagua kwa kalenda ya mwezi, kwa sababu mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba ambacho kingechomoza karibu na alfajiri, kwa hiyo usiku mzima ungekuwa wa nyota. Na Juni, Nyanda za Juu Kusini, mvua imekwisha, vumbi la Septemba halijaanza, na baridi imesafisha hewa. Mtu anayetaka kuona anga na asiijue baridi ya Mbozi anakosea nusu ya hesabu.

Mlowo ni mji wa barabarani. Malori yanayokwenda Tunduma, na kuvuka kwenda Zambia na Kongo, yanapita mchana na usiku. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Mahindi yanashuka, kahawa inapanda, na kila baada ya nyumba tatu pana mtu anayeuza kitu kwa debe. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe yako Vwawa, mbele kidogo, tangu mkoa ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini ukitaka kujua bei ya maharage leo asubuhi huendi Vwawa. Mlowo vilevile ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya Kamsamba inapoachana na lami ya Tunduma na kushuka kaskazini, kuelekea Wilaya ya Momba na bonde la Ziwa Rukwa. Ikumbuke barabara hiyo, nitairudia.

Mchana tulikwenda kwanza kukisalimia Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Kufika Mlowo na darubini bila kupita kwa mwenyeji huyo ni utovu wa adabu. Tulichukua bodaboda tatu, tukapita kwenye mashamba ya kahawa na migomba, vumbi jekundu likiingia hadi kwenye meno, hadi Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ngorongoro ndio wanaolitunza eneo hilo siku hizi, mbali kabisa na vifaru na kreta yao.

Picha nyingi zinakidanganya Kimondo. Zinakionyesha kama mwamba. Ukikisogelea unaona kwamba ni kitu kilichoyeyuka: ngozi yake ina mabonde madogo madogo, kama ugali uliobonyezwa kwa vidole, na rangi yake ni ya sufuria iliyozoea kuni. Urefu wake ni mita 3 hivi, kimo mita 1, na uzito unakadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 ni chuma, 8 hivi ni nikeli, kisha salfa, shaba na fosforasi kidogo. Wataalamu wa vimondo vya chuma huvipanga kwa koo, kwa kupima chembe za madini ndani yake; hiki cha Mbozi kimekosa ukoo, kimeandikwa peke yake. Duniani kipo katika kundi la vikubwa kabisa. Kinachoongoza ni Hoba, cha Namibia, tani 60, kilichogunduliwa mwaka 1920.

Wanyiha walikijua kabla ya mzungu yeyote kukiandika. Lakini hakuna hadithi inayosimulia kuanguka kwake, na kutokana na ukimya huo wataalamu wanaona kwamba kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka, kabla ya babu wa yeyote anayekumbukwa. Mwaka 1930 alikifikia mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, wakati ni mgongo tu uliokuwa juu ya ardhi. Desemba ya mwaka huohuo mwanajiolojia wa serikali, D. R. Grantham, akaja na msumeno wa chuma kukata kipande cha sentimita 10 cha kupimia. Kazi hiyo ilimchukua saa 10. Baadaye udongo ulichimbwa kuzunguka jiwe zima, ukaachwa mguu mmoja wa udongo chini yake, na mguu huo ukajengewa zege. Ndiyo maana leo Kimondo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Ukweli ni kwamba hakijawahi kuinuliwa. Dunia ndiyo iliyoshushwa.

Kwenye ncha yake moja kuna makovu ya watu waliotaka kuondoka na kumbukumbu. Niliyapapasa. Ni makovu madogo kwa jasho lililotumika, na nilipata furaha ya kijinga kuona jinsi chuma kilivyowashinda.

Kijana mmoja aliyekuja na familia kutoka Tunduma alipiga picha ya mwisho, akatazama saa, akauliza: "Kwa hiyo ndiyo basi?" Sikumlaumu. Wageni huja mchana, wanalizunguka jiwe mara mbili, wanarudi barabarani kabla giza halijaingia. Ni kama kumtembelea mtu kazini kwake na kuondoka ukidhani umefika kwao. Kwao Kimondo ni usiku.

Usiku huo tuliuandaa uani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mali ya shemeji wa mwenzangu. Palikuwa na uwanja mpana wa kuanikia, umesakafiwa, na ukuta wa matofali uliotukinga na taa za malori. Tatizo lilikuwa taa ya ulinzi. Tulimwomba shemeji aizime kwa saa nne. Akatutazama kama watu waliotumwa. "Nikizima taa, magunia yakatembea, nyota zitanilipa?" Mazungumzo yalikuwa marefu, nayafupisha: taa ilizimwa, mlinzi akahamishia kiti chake juu ya magunia yenyewe, na mwenzangu mmoja akawekwa rehani pale pamoja naye, asitazame chochote mpaka saa tano.

Tangazo tulilifanya kwa mdomo tangu alasiri, kwa mama ntilie, kwa madereva wa bodaboda, kwenye gesti tulikofikia. Nilitarajia watu kumi. Ilipofika saa mbili usiku walikuwa kama arobaini, nusu yao watoto waliojifunga vitenge vya mama zao mabegani. Nikawaomba wazime tochi za simu na wavumilie dakika 20, maana jicho linahitaji muda huo kulizoea giza, na mwanga mmoja tu unalirudisha mwanzo. Dakika 20 za watu arobaini gizani si jambo dogo. Tulizijaza kwa kutazama bila darubini, na kama una usiku mmoja tu na hela huna, hiyo sehemu ndiyo ya kuibakiza.

Mlowo iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na hilo linaipa zawadi ambayo miji mikubwa yenye darubini za mabilioni haina. Ukisimama uani ukageuka kaskazini, unaiona Dubu Kubwa, zile nyota saba za mabaharia wa Ulaya, imelala kichwachini juu ya mapaa. Ukigeuka kusini, Msalaba wa Kusini umesimama wima, na mkono wake wa kushoto nyota mbili kali zinauelekezea kama walinzi. Mashariki Nge alikuwa ameshachomoza mwili mzima, mkia umepinda, moyo wake mwekundu. Na kutoka kwenye mkia huo Njia Nyeupe ilipanda, ikapita Msalabani, ikashukia upande wa magharibi. "Huo moshi?" mtoto mmoja aliuliza. Bibi mmoja akamjibu kabla yangu kwamba si moshi, ni nyota nyingi mno, na kwamba yeye hilo anajua tangu hajaolewa.

Babu mmoja aliyevaa koti la jeshi lililochoka alitaka kitu kimoja tu. "Kilimia kiko wapi?" Nikamwambia, shikamoo babu, kilimia usiku huu hakipo, kinachomoza alfajiri. Akaridhika, kama mtu aliyekuwa akinipima. Kisha akawaambia vijana kwamba jina lile ni la jembe: kilimia, kulima. Nikaongezea ninavyojua mimi. Pwani, mabaharia na wakulima husema kwamba kilimia kikizama wakati wa mvua, huzuka wakati wa jua, kwa sababu kule kinapotelea kwenye mwanga wa jua mwezi wa Mei, masika yakimwagika, na kinarudi alfajiri mwezi wa Juni kumekauka. Huku kwetu, kwenye msimu mmoja wa mvua, alama inayofaa ni ya upande wa pili: Novemba, kilimia kinachomoza mashariki jua linapozama magharibi, na mbegu za mahindi ziko tayari ndani ya nyumba. Babu akasikiliza, akasema, "Wa Pwani wana yao." Mjadala ukaishia hapo.

Nilianza na nyota ile kali zaidi ya walinzi wawili wa Msalaba. Waarabu waliiita Mguu wa Kantori, wataalamu wanaiita Alfa Kantori. Ni jirani yetu wa karibu baada ya jua, na bado mwanga wake unasafiri miaka 4 na ushei kutufikia. Kwa macho ni nyota moja. Kwenye darubini zinakuwa mbili, zimekaribiana. Mstari ulikwenda polepole, kila mtu akiinama, akilalamika haoni, kisha akinyamaza. Nilikuwa najiandaa kuueleza uwezo wa kioo kutenganisha vitu viwili, maelezo ambayo huwa yananishinda, utingo mmoja wa lori la shaba akanipokonya kazi. "Ni kama gari usiku, huko bondeni Kitonga. Likiwa mbali unaona taa moja. Likisogea zinakuwa mbili. Gari ni lilelile." Tangu siku ile sijawahi kutumia maelezo mengine.

Baada ya hapo niliielekeza kwenye Omega Kantori, fundo la nyota zipatazo milioni 10, ambalo usiku ule lilikuwa juu kusini, mahali pazuri kabisa. Kwa macho ni doa la ukungu. Ndani ya darubini ni kama mtu amemwaga chenga za mchele kwenye kaniki. Hapo watoto waligoma kupishana.

Katikati ya zamu hizo watu wa uani wakadai hotuba. Mlowo hawatazami kitu bila kuelezwa. Nikapanda kwenye ngazi ya mashine, mikono mfukoni kwa baridi, na nikatoa kile nilichokuwa nimekibeba tangu Mbeya, kizito kuliko bomba.

Niliwauliza: mawe mangapi yaliyotoka angani yanajulikana katika mkoa huu? Wote, kwa sauti moja: moja. Kimondo. Wengine wakataja hata timu ya mpira iliyobeba jina lake. Nikawaambia ni mawili.

Jioni ya Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka Ivuna, kule bondeni Momba, barabara hii ya Kamsamba inakoelekea. Lilionekana likianguka, likaokotwa. Gramu 705. Mawe ya aina yake ni nadra mno: ukihesabu yaliyoonekana yakianguka, dunia nzima na historia yote, hadi usiku wetu ule yalikuwa matano tu. Na wataalamu walipotaka herufi za kuiita jamii hiyo, walichagua CI. Hiyo I ni Ivuna. Mwanafunzi wa Tokyo, wa Houston, wa Paris, akifungua kitabu cha vimondo, anakutana na jina la kijiji cha Songwe kabla hajafika sura ya pili.

Kimya kikatanda, lakini si kimya cha mshangao. Ni kile cha watu wanaosubiri kuambiwa faida. Mlowo ni mji wa biashara.

Bahati nzuri nilikuwa nimesimama juu ya jibu. Nikapiga teke mashine kwa kisigino. Mnaleta hapa nini? Mpunga. Mnaondoka na nini? Mchele huku, pumba kule, chenga kule. Mashine imetenganisha. Sasa, Kimondo cha Ndolezi ni kitu kilichokwisha kukobolewa. Zamani za kuumbwa kwa sayari kilikuwa sehemu ya gimba lililopata joto likayeyuka, chuma kikajitenga na mawe, kikajikusanya, kikapoa polepole mno. Ni chuma safi kwa sababu kimepitia mashineni. Jiwe la Ivuna halijapita. Ni mpunga wenyewe, na maganda yake. Ukiliyeyusha maabara ukahesabu kila kilichomo, unapata karibu vipimo vilevile vya jua, ukiacha gesi nyepesi zilizokimbia. Yaani ndiyo ile mali ghafi iliyotengeneza jua, dunia, kahawa na sisi, miaka bilioni 4 na nusu iliyopita, bado haijaguswa na moto mkubwa. Sehemu ya tano hivi ya uzito wake ni maji, yamejifunga ndani ya madini. Ndiyo maana ni laini. La Ndolezi lilimtoa Grantham jasho saa 10. La Ivuna unaweza kulivunja kwa vidole, na lingeachwa shambani msimu mmoja wa mvua lingekuwa tope. Lilidondoka Desemba, wakati wa mvua. Walioliokota waliwahi.

Kisha nikawapa habari iliyonifanya nilipie siti ya bomba. Japani walirusha chombo, Hayabusa2, Desemba 2014, kikaenda hadi kwenye gimba dogo liitwalo Ryugu, kikachota vumbi lake, kikarudi kuliangusha Australia Desemba 2020. Miaka 6 ya safari, na mzigo wa gramu 5 na kitu. Na majuma mawili tu kabla ya usiku wetu wa Mlowo, Juni 9, 2022, jarida la Science lilitoa matokeo ya kupima vumbi hilo. Limefanana na nini? Kichwa cha makala kinasema chenyewe: mawe ya aina ya Ivuna. Wamekwenda kote huko wakakuta kitu cha Momba.

Hapo ndipo uani palipochangamka. Mama mmoja, mfanyabiashara wa mchele aliyekuja na mzigo wake kukoboa na kulala hapohapo akiulinda, alisimama kutoka kwenye magunia. Alikuwa wa Kamsamba. "Ivuna nakujua. Kwetu kule Ivuna ni kwa chumvi." Kweli, chemchemi za chumvi za Ivuna zimefanyiwa kazi karne nyingi, na wanaakiolojia wamezichimba. "Hilo jiwe mimi sijawahi kulisikia. Liko wapi sasa?"

Nikamwambia limegawanyika vipande. Kimojawapo, cha gramu 200 na zaidi kidogo, jumba la makumbusho ya historia ya asili la London lilikinunua mwaka 2008 kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani, na linakihifadhi ndani ya gesi ya naitrojeni ili hewa na unyevu visikiharibu.

"Lilikinunua," akarudia. Neno hilo alilielewa kuliko yote niliyosema. "Na Ivuna wakapata nini?"

Jina, nikasema. Nilijiona mjinga nikilisema, na sijui kama leo ningesema vingine. Ndolezi kuna kibao, kuna tiketi, kuna wageni wa mchana na bodaboda za kuwaleta, na ni haki yao. Ivuna jina lake linatajwa maabara za dunia nzima na mchuuzi wa Kamsamba halijui. Kitu kikubwa hujitangaza chenyewe kwa kushindwa kubebeka. Kile cha gramu 705 kiliingia mfukoni kikaondoka, na hata hadithi yake ikaondoka nacho.

Zohali ilichomoza baada ya saa nne, lakini niliisubiri ipande juu ya ukuta na mvuke wa chini. Saa sita kasorobo niliielekezea darubini. Watoto walikuwa wamebebwa kwenda kulala, wamebaki watu kumi na tano, wengi madereva na utingo wao, pamoja na mama wa mchele na mwenzangu aliyetoka rehani. Ile pete ilionekana wazi, imeinama kidogo, na kinukta cha mwezi wake mkubwa pembeni. Dereva mmoja mtu mzima alitazama, akainuka, akaenda mbele ya bomba kuangalia kama sijabandika picha. Akarudi, akatazama tena. Kabla hajamaliza, ikamponyoka kwenye kioo. "Imekimbia!" Nikamwambia haijakimbia, ni sisi tunaozunguka pamoja na dunia, mwanga huo wenyewe umetoka kule zaidi ya saa moja iliyopita. Akakaa kimya muda. "Nimetoka Dar juzi," alisema, "na kumbe muda wote nilikuwa nasafirishwa." Akarudi kwenye lori lake kulala.

Sisi tulilala kwa muda wa saa nne tu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa uani tena, tumevaa kila tulichokuja nacho, kioo cha darubini kimelowa umande hivyo hakifai kwa lolote. Hakikuhitajika. Mwezi ule wa Juni sayari zote tano zinazoonekana kwa macho zilijipanga alfajiri kwa mpangilio wa umbali wao kutoka kwenye jua, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Zohali ilikuwa imeshavuka utosi. Mshtarii, kisha Mirihi nyekundu. Chini mashariki Zuhura iliwaka kwa ukali wa kuumiza, na kando yake, asubuhi ile hasa ya Juni 26, kile kipande cha mwezi. Juu yao kidogo, upande wa kaskazini, kilimia. Ilipokaribia saa kumi na mbili na robo, Utaridi nayo ikajitokeza kutoka kwenye wekundu wa upeo, chini ya wote.

Babu wa koti la jeshi alikuja. Hakusema habari za asubuhi. Alitazama kilimia, akahesabu nyota zake kwa kidole, akafika sita, akajaribu tena, akabaki kwenye sita. Macho yangu yalikomea tano, na sikumwambia.

Mashine ilipoanza kunguruma, nyota zilikuwa zimekwisha. Mama wa mchele alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipomaliza kukoboa akaniita kwenye mizani yake, ile ya sahani mbili. "Mwalimu, lile la Ivuna ulisema gramu ngapi?"

"Mia saba na tano, mama."

Akachukua jiwe la nusu kilo, akaliweka sahani ya kulia. Akaongeza la gramu mia mbili. Upande wa pili akamimina mchele kwa kopo, akapunguza, akaongeza, hadi sahani zikalala sawa. Halafu akachota punje kidogo kwa vidole vitatu, akazidondosha juu. "Na hizo tano."

Tukautazama mchele ule. Kilikuwa kichuguu cha mchele, mweupe, bado una joto la mashine, hakijai hata sahani. Shemeji akaja kuona, na mlinzi, na utingo wa shaba. Hakuna aliyesema kitu.

"Kumbe dogo hivi," mama alisema mwishowe. Akaniambia nivue kofia, akaumimina mchele wote ndani yake, akapangusa sahani kwa kiganja. Kisha akaniambia bei.